Siku Maman Lutgarde Alipotea mu Meli

Evere, Bruxelles, mwezi wa tisa 1993

Yaya wangu Espérance, dada yangu mukubwa,

Mama anakula muzuri? Magoti inamuuma bado? Na wewe, kile kikohozi kiliisha? Miye niko muzima, Mungu asifiwe, na leo roho yangu imetulia.

Unajua ninachunga mujane mumoja muzungu, Maman Lutgarde. Aliishi kwetu Bukavu miaka makumi mbili, anasema Kiswahili kama shiye. Sasa ana miaka makumi munane na mbili, anaanza kusahau. Mwezi uliopita binti yake, Madame Christine, alitutuma shiye wawili tutembee inchi ya Norvège na meli. Mbele ya kutoka akaniambia: "Ukimuacha peke yake, hata kidogo, utatafuta kazi fasi ingine." Yaya, bila ile kazi, makaratasi yangu ya kuishi huku inakufa.

Bon, tulifika fasi banaita fjord. Bahari inaingia kati ya milima mirefu mpaka inakuwa kama ziwa jembamba. Hakuna kijiji, hakuna njia, mvula tu, na maporomoko ya mayi kila upande. Batu bote balitoka inje na makoti ya mvula kupiga picha. Maman akasema anasikia baridi. Nikashuka chumbani kumuchukulia shali. Kurudia, kiti chake kitupu.

Nilikimbia huku na kule ninaita, "Maman! Maman!" Commandant akasimamisha meli. Muzungu mumoja akainama kuangalia mayi chini. Nilisali kwa sauti mbele ya batu bote, sikuona haya.

Kiisha mupishi mumoja wa meli akanivuta mukono mpaka kikoni. Maman alikuwa amekaa pale kando ya moto, anamenya viazi!

"Furaha, unalia nini?"

"Nilizani mumeanguka mu mayi!"

"Nianguke na hii baridi? Nilichoka kuangalia mawe, mwanangu. Kamata kisu, tumenye."

Nikacheka na machozi yangu, nikamenya.

Lakini bado nilikuwa naogopa. Siku ya kurudi, Madame Christine alitungojea ku stesheni ya treni, Gare du Nord ya hapa Bruxelles. Nilimuambia yote miye mwenyewe, pale pale kando ya treni, mbele asikie kwa mwingine. Maman njo akasema: "Nilitoroka kwa mapenzi yangu. Ukimufukuza huyu, nitatoroka tena."

Nilizani kazi yangu inaisha. Alors Madame akanigeukia, akaniuliza: "Na wewe, ile siku ulikula?"

Yaya, tangu nifike mu hii inchi, hakuna bosi aliniuliza ile neno. Jumatatu nikarudi kazini kama kawaida.

Unisalimie bwana yako na batoto, tonton Déogratias ndugu ya papa, na jirani yetu mushonaji. Mama najua hasinzii juu yangu. Umusomee hii barua polepole, kiisha umuambie alale.

Mudogo wako anayekupenda,
Furaha