Mbu wa Chumbani Kwangu

Shoga, nimeumbuka kazini. Nimeumbuka!

Si unajua nashinda peke yangu maabara, nachambua mbu wanaoeneza magonjwa? Leo nilikuwa na wale wa mtego niliotega chumbani kwangu. Nikamweka mmoja kwenye hadubini, miguu ina mistari myeupe. Mbu wa dengi kabisa!

Nikamwambia kwa sauti, "Karibu mwenzangu, angalau wewe umenitembelea."

Kumbe bosi yupo mlangoni.

"Unaongea na nani?"

"Na mbu."

Hakucheka, shoga. Bora angecheka! Akavuta kiti, akaniuliza taratibu, "Tangu uhamie huku, una mtu wa kuongea naye?"

Nikamwambia nina kazi nyingi. Akarudisha kiti, akaondoka.

Sasa kwa nini nimemjibu vile?