Igihozo Alicheka Mlangoni

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Keshokutwa ni harusi yangu ya kwanza! Ya kupiga picha, maana ya kuolewa bado sana. Bibi harusi, Igihozo, tunayeimba naye kwaya, amewaambia kwao mpiga picha ni mimi, Alliance, au hakuna. Yaya Rodrigue, kaka yangu mwenye studio ya picha mtaa wa Ndosho, ameniazima kamera yake. Amenionyesha chaja: taa nyekundu, ngoja, taa ya kijani, batri imejaa. Na sheria moja tu — watu wacheke. Picha ya mtu aliyenuna hairudishi mteja. Umeme hakuna tangu asubuhi.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kanisani giza, nimekata vichwa vya wasimamizi. Wakati wa pete nilikuwa nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kama mwavuli. Basi!

Lakini nina moja. Asubuhi, Igihozo anatoka kwao. Alisimama mlangoni, macho chini, uso umefungwa. Nikadhani anaogopa kamera. Nikapaza sauti: sourire, tabasamu, Igihozo! Akainua kichwa, akacheka meno yote. Sijawahi kupiga picha nzuri hivi.

Baba yake, muzee Nizeyimana, hakuweza kuja. Amebaki Masisi na ng'ombe wake, barabara imefungwa. Picha ni kwa ajili yake hasa. Nimemtumia hiyo kwanza.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mama Mukakalisa, shangazi wa Igihozo, amekuja nyumbani. Kiti amekikataa. Anasema kwa mila yao msichana hatoki kwa wazazi akicheka. Anainamisha macho, anatoa hata machozi kidogo, watu wajue alipendwa pale. Wote wanajua. Mimi tu sikujua. Muzee ameiangalia picha, amemwuliza dada yake neno moja kwenye simu:

"Tulimukosea nini huyu mutoto?"

Kisha amezima simu. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimempigia Igihozo nimwombe radhi. Amepokea Valentin, mume wake, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kituku. Kwa upole kabisa: Igihozo anapumzika. Jioni nimepiga tena. Amepokea yeye tena. Anapumzika.

Mtu gani anapumzika hivyo?

Jumapili, 17 Agosti 2025

Kwaya. Nafasi ya pembeni yangu ilikuwa wazi.

Mama Mukakalisa amepata dawa: turudie. Jumamosi Igihozo aletwe, avae gauni, atoke kwao vizuri, muzee atumiwe picha ya kweli. Yaya Rodrigue haoni shida, studio kila kitu kinarudiwa. Na harusi yangu ya pili? Hakuna aliyeniita. Habari za kicheko zimefika kila mahali. Nimekubali. Ningefanya nini?

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Naandika hapahapa uani kwao, juu ya jiwe la lava, daftari gotini.

Gauni ni lilelile la kukodi. Siku ya harusi zipu ilifungwa kwa kuvutana. Leo Mama Mukakalisa amelikaza mgongoni kwa pini, pini juu ya pini, nyingine amezishika kwa midomo. Nimemwuliza Igihozo habari za Kituku. Nzuri, akasema, bila kuniangalia. Valentin amebaki njiani juu ya pikipiki yake. Ana haraka, hakushuka.

Igihozo akasimama mlangoni. Shangazi akamkumbusha: macho chini, na machozi kidogo kama yanapatikana.

Yalipatikana. Hayakuwa kidogo. Alishika mlango kwa mikono miwili, mabega yote yanaruka.

"Ni vile, mutoto yangu," Mama Mukakalisa akasema. "Baba yako atafurahi. Piga, Alliance."

Nikapiga. Mungu anisamehe, picha ni nzuri. Nikashusha kamera. Igihozo hakuachia mlango.

"Usimalize," akaniambia, polepole sana. "Piga tena."

Nikapiga tena. Na tena. Kila nikishusha, tena. Njiani Valentin akapiga honi. Mama Mukakalisa akasema sasa inatosha, mume anangoja.

Nikasema batri imekwisha, na picha yenyewe bado haijapatikana. Uongo. Nimeijaza jana mpaka taa ya kijani. Lakini mtaa mzima hauna umeme, basi tungoje. Wamekubali kungoja! Igihozo ameingia ndani, ameketi na gauni, hataki kulivua. Kutoka hapa naona kiatu chake tu.

Uongo huu unamsaidia nini? Sijui. Nimwambie shangazi? Nimwambie nini — kwamba bibi harusi analia, kama alivyoagizwa? Nimeiweka batri mfukoni, naishikilia kwa mkono wa kushoto.

Honi tena.

Taa ya sebuleni imewaka. Mtaa unashangilia, umeme umerudi. Mama Mukakalisa amenyoosha mkono, nimempa batri. Ningekataaje? Ameichomeka mwenyewe kwenye chaja. Sasa ananiita, anacheka, nije nione: imejaa mara moja, taa ni ya kijani.