Mvinyo Uliokaa Tumboni

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, ziwa halionekani kabisa.

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili: nimekunywa mvinyo mwekundu wa Mchungaji, na nimeupenda.

Si kanisani. Ni jikoni kwake, ninakoosha vyombo baada ya shule. Juzi walikuja wageni, bilauri zikarudi na masalio. Nikayamimina yote katika kikombe kimoja, nikageukia ukuta, nikanywa. Mwanzoni nilitaka kutema. Ulinikaza ulimi kana kwamba nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Kisha ikaja zambarau iliyoiva mno, na nyuma yake moshi. Nikaguguna mfupa wa mbuzi uliobaki, wenye mafuta bado, nikanywa tena, na ule ukali ukatulia wenyewe. Nilipojaribu na kipande cha mbasa nikajuta. Samaki yule aligeuka kinywani kama nimelamba shoka.

Mchungaji alikuwa akiwaeleza wageni kwa Kijerumani, amesahau kwamba ametufundisha. Huo ni mvinyo wa nyama, alisema, si wa samaki. Unatoka milima ya mawe kusini mwa kwao, penye jua kali. Zabibu hupondwa na kuachwa na maganda yake siku nyingi, ndiyo maana ni mweusi hivyo na unakamata. Umevuka bahari, ukapanda mto, ukavuka ziwa letu kwa meli.

"Umesafiri kuliko mimi," mke wake alisema, wakacheka.

Mvinyo huohuo ndio uliomiminwa leo katika kikombe cha kanisa. Na leo Tata, baba yangu, ameshiriki kwa mara ya kwanza.

Mtoto wa jirani yetu Kasebele alifariki wakati wa mavuno. Tangu hapo wanasema Tata ana nyoka tumboni. Hapa kwetu ndivyo anavyosemwa mchawi, na wanasema mtu anaweza kuwa na nyoka huyo asijue. Zamani wangempa mwafi, ile dawa chungu: anayeitapika ni safi, asiyeitapika ndiye. Serikali ya Wajerumani imeipiga marufuku. Tata akabaki bila njia ya kujisafisha.

Jana alikataa ndizi nilizompikia.

"Kesho nakunywa cha Mungu," alisema. "Tumbo liwe tupu."

Nilidhani ni mfungo wa ibada tu.

Leo alipiga funda kubwa mpaka Mchungaji akavuta kikombe. Ibada ilipokwisha akatoka kwenye mvua, akainama kando ya ukuta, mikono magotini, akangoja.

Hapo ndipo nilipoelewa: kwake kikombe kile kilikuwa mwafi.

Kasebele alisimama mlangoni na wenzake. "Ee jirani, bado tu? Au tumbo limenogewa?"

Wakacheka. Tata alitema mate. Mate mekundu, basi.

"Baba Atupele, twende nyumbani," mama alimwambia. "Unalowa."

"Ngoja kwanza, mama. Ngoja kidogo."

Hakikutoka kitu.

Sasa yuko chumba cha pili, anafunga mkeka wake. Kesho atavuka mto Songwe, aende kuishi kwa Waingereza, mahali pasipo na mtoto wa jirani. Vyungu vya mama vya kupeleka sokoni Lyulilo vimerundikwa hapa nilipo, hakuna anayevitazama. Laiti Tata angekuwa na hasira. Hana. Ameamini.

"Kumbe ni mimi," nilimsikia akisema. "Nimemuua yule mtoto nami sikujua."

Nina maneno ya kumzuia. Tata, kile ni kinywaji cha kulia nyama. Mimi nilikunywa kikombe kizima na sikutapika. Hakimtapishi mtu.

Mchungaji akijua, nitafukuzwa kazi na shule. Hilo nimeshalipima, naliweza.

Lakini mchana, nilipompelekea maji, Tata alinishika kichwa. "Nyoka huyu hurithiwa," alisema. "Ndaga, asante Mungu wangu, mtoto huyu amefuata upande wa mama yake."

Alishukuru kwa sababu yangu. Je, nikimwambia nimekunywa na hakikutoka kitu, atasikia habari za mvinyo? Au atasikia kwamba tuko wawili?

Ninaogopa macho yake. Asije akanigeuzia kama Kasebele alivyomgeuzia yeye.

Lakini akivuka mto akiwa anaamini hivyo, hatarudi. Hata mama akimfuata, atamfukuza, kwa huruma.

Nyayo. Ni zake, nakijua kikohozi hicho.

"Atu? Mvua imepungua, mwanangu. Heri niondoke leo. Fungua nikuage."

Ukurasa huu nausukuma chini ya chungu kikubwa. Nitamwambia, nikianza na ule mfupa wa mbuzi.