Mama na Darasa la Watu Tisa

9 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko ugenini? Kifua kimepona, au bado unatengeneza lifti za watu huku unakohoa? Sisi wazima. Mdogo wako anarefuka kwa fujo, viatu vya Januari havimwingii tena.

Sasa kaa kitako. Nimejiandikisha chuo. Ndiyo, mimi mama yako, dobi wa hospitali, na miaka yangu hamsini na mmoja. Ni kile chuo kidogo nyuma ya hospitali, chenye majengo manne. Nasomea ukalimani wa lugha ya alama, miaka miwili. Asubuhi nafua, mchana nasoma.

Mwezi wa sita nilimpeleka mdogo wako kwa daktari, maumivu yamemzidi hata kalamu haishiki. Daktari akauliza anaumwa wapi. Mtoto akasema kwa mikono, nami nikakisia: "Tumbo." Akapewa dawa za tumbo. Siku ya tatu ndipo akapata nguvu, akaandika kwenye karatasi: "Nilisema mgongo." Kumbe ni figo. Amepona, lakini mimi sijapona. Miaka kumi na sita namsemea mwanangu kiziwi, na simwelewi.

Mama yako

30 Septemba

Mama,

Shikamoo. Kifua kimetulia, kazi ndiyo haitulii.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Nia yako naijua. Lakini utakaa darasani na watoto waliozaliwa mimi tayari najua kusoma? Watakucheka. Na vidole vyako vimekakamaa kwa maji ya moto miaka ishirini. Mdogo wangu tunaelewana naye vizuri tu: nikitikisa kichwa anajua ndiyo, nikikunja uso anajua hapana. Tumeishi hivyo. Pumzika, mama.

Mwanao

14 Novemba

Mwanangu mbishi,

Marahaba. Hatujambo. Barua yako mimi nimeisoma mara moja tu, imetosha.

Wamenicheka kweli. Siku ya kwanza nilitaka kumwambia mwalimu "asante", nikamwambia kitu nisichoweza kukiandika hapa. Darasa lilishika mbavu, na mwalimu ndiye aliyeanza. Yeye ni kiziwi tangu kuzaliwa, na darasani kwake hatutoi sauti. Ukinong'ona anajua, sijui anajuaje.

Tuko tisa. Wananiita Bibi Daftari kwa kuwa naandika kila kitu. Maktaba ina kamusi mbili tu za alama, na mtunza maktaba anatuwekea meza ya dirishani: watu tisa juu ya vitabu viwili, kila mtu anamnyoosha mwenzake vidole. Kantini nako tuna meza yetu. Wa idara nyingine walikuja kushangaa, sasa wanajua kuomba chumvi bila kufungua mdomo.

Mtihani wa kwanza nimepata thelathini na moja kwa mia. Vidole ni vizito, hapo hukukosea. Mwalimu kasema nivikande kila asubuhi, navikanda. Ila usiniambie tena habari za kutikisa kichwa. Hata mbuzi tunamsemesha zaidi ya hapo.

Mama yako, Bibi Daftari

3 Machi

Mwanangu,

U mzima? Miezi mitatu kimya. Kama umenuna, nuna, lakini niandikie ili nijue anayenuna yu hai.

Huku tuliambiwa kozi isiyofikisha wanafunzi kumi itafungwa. Juzi mwalimu akaitwa mbele ya baraza la chuo ajieleze. Sisi tisa tukajipanga mlangoni. Mkalimani aliyealikwa hakutokea. Mkuu wa chuo akataka mwalimu aandike kwenye karatasi. Mwalimu akakataa, akageuka, akanyoosha kidole kwetu. Nikasogea pembeni kumpisha binti wa nyuma yangu, maana ndiye anayeongoza darasa. Kumbe ananiita mimi!

Nikaingia. Mkuu wa chuo akasema, "Mama, mwambie sheria ni sheria." Nikafasiri. Mwalimu akajibu, nami nikaitoa kwa sauti yangu: "Usimtume yeye aniambie. Mimi niko hapa. Nitazame mimi." Mkuu wa chuo akageuza kiti, akamtazama.

Katikati nikateleza. Mwalimu alisema wahitimu wetu ishirini na wawili wako kazini, mahakamani na hospitalini. Mimi nikasema kumi na wawili. Ningenyamaza, nani angejua? Nikainua mkono. "Samahani, nimekosea mimi, si yeye. Ni ishirini na wawili."

Wametupa hadi Septemba tumpate wa kumi. Tulipotoka nje, mwalimu alinitazama akaniambia neno moja tu, na sikuhitaji kamusi: "Mkalimani."

Mama yako

25 Machi

Mama yangu,

Shikamoo tena na tena. Nisamehe. Sikununa, niliona haya. Nilikukatisha tamaa, nikakosa pa kuuweka uso.

Barua yako nimewasomea mafundi wenzangu karakanani wakati wa chai. Fundi mkuu wetu, mtu asiyejua kucheka, akasema, "Hebu rudia pale alipogeuza kiti." Nimerudia mara tatu. Nikawaambia: huyo ndiye aliyenizaa, msidhani nimemsoma gazetini.

Kuna klabu ya viziwi hapa mjini. Nimeanza kwenda Jumapili. Mdogo wangu asijue kwanza.

Mwanao anayetembea kifua mbele

6 Septemba

Mwanangu,

Salama? Sisi tunacheza ngoma, basi tu huisikii.

Wa kumi kapatikana! Siku ya mwisho, saa tisa alasiri, karani keshaanza kukusanya fomu zake, akaingia mkunga wa wodi ya wazazi, sare bado mwilini. Wiki ile aliniona nikimfasiria mama kiziwi aliyekuwa na uchungu. Akasema, "Nimezalisha viziwi wanne nikiwapigia kelele tu. Niandikeni." Tena kamvuta muuguzi mwenzake, tumekuwa kumi na mmoja.

Hospitali nayo inanitoa chumba cha kufulia siku mbili kwa wiki, nikawafasirie wagonjwa. Mahafali yangu ni Novemba ya mwakani. Omba likizo mapema, usije ukaniletea visingizio.

Mama yako

2 Desemba

Mama,

Shikamoo. Nimerejea salama kutoka mahafali yako, na kazini wameshaziona picha zote, hata zile zenye ukungu.

Wewe ulikuwa jukwaani, ya viti vya nyuma hukuyaona, ndiyo maana naandika. Ulipoitwa, watu walianza kupiga makofi. Mwalimu wako akasimama, akainua mikono miwili akaitikisa hewani, ndiyo makofi ya viziwi. Darasa lako likafuata, kisha ukumbi mzima, na mkuu wa chuo na joho lake, mikono juu. Sauti ikakatika kabisa. Mamia ya mikono inatikisika kwa ajili yako. Nililia, na sitafuti pa kujificha.

Mdogo wangu akanigusa bega. Akaniambia kwa mikono, polepole, kama anayemsemesha mtoto: "Yule ni mama yangu." Nikaelewa, mama! Nikamjibu kwa alama zangu zote za Jumapili. Akanikodolea macho, halafu akacheka hadi akainama. Kumbe alama za huku si za huko. Mwaka na nusu najifunza lugha ya watu wengine, na wewe mkalimani hukuniambia!

Akanikamata mkono. Akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, akavinyoosha, akanizaba kikofi nilipokosea. Wewe unashuka ngazi na cheti kifuani, sisi bado tunagombana na vidole. Mara ya nne akaitikia kwa kichwa, vidole vyangu vimepatia: "Yule ni mama yetu."

Mwanao