Tembe za Magige na Koleo la Kuhasi

Kisaka, Serengeti
16 Juni 2024

Mpendwa shemeji Vedasto,

Tumsifu Yesu Kristo. Huko Tabora mmeamkaje, wewe na Elieth na watoto? Goti lako limetulia? Sisi tupo, Mungu anatushika mkono. Mtama tumeshauvuna.

Nimeandika kwa sababu simu yetu ni moja na anayo kaka yako Magige. Barua nampa Nyangwine, anasafiri kuja huko kesho.

Tangu mshtuko wa moyo, walipomwekea kimrija kwenye mshipa kule Mwanza, Magige humeza kila asubuhi tembe za kuzuia damu isigande. Wiki iliyopita mgongo ulimuuma, akaenda kwa mzee Werema kuumikwa. Siku hiyo hakumeza, akidhani damu itakuwa imerudi ya kawaida. Werema akamchanja kwa wembe, akabandika pembe. Damu haikukatika. Ililowesha shati, ikalowesha kigoda, na khanga zangu. Tukampakia kwenye pikipiki hadi hospitali ya Mugumu.

Daktari, binti mpole, alitueleza. Tembe ikimezwa bado haijawa dawa, ini ndilo linaloigeuza. Ndipo inazishika zile chembe za damu zinazoziba vidonda, na chembe iliyoshikwa haifanyi kazi tena. Dawa yenyewe inaisha mwilini upesi, ila chembe zile ni mpaka zife, zizaliwe nyingine, kama wiki hivi.

Kaka yako, amelala kifudifudi anashonwa, akacheka. "Kumbe ni koleo la kuhasi. Jioni koleo linarudi kwa mwenyewe, maksai anabaki maksai."

"Ndivyo, baba," binti akasema. "Na ukiacha kumeza, madume yanazaliwa upya, yanakwenda kuziba kile kimrija."

Nilidhani amesikia. Kumbe ulipompigia ulimwambia apumzike kwanza kumeza tembe, vidonda vikauke. Sikulaumu shemeji, ulimhurumia. Lakini daktari alimwambia asiache hata siku moja, na yeye neno lako analiweka juu ya la daktari, langu ndiyo kabisa. Tembe naiweka kwenye kisahani kando ya chai. Chai anakunywa.

Basi mpigie asubuhi, kabla hajatoa ng'ombe. Usimhubirie, kuhubiri nimeshahubiri mimi. Mwulize tu madume yamefika mangapi.

Mama Gati anakusalimu, na Sylvester pia. Bikira Maria awafunike nyote.

Mimi mke wa kaka yako, nikupendaye,
Agustina