Namba kumi na nne kati ya hamsini

Ukunda, Jumanne, 1998

Eti picha ya kubandika kwa kinyozi. Hivyo ndivyo alivyosema Mzee Kombo, muuza vinyago wa Kona ya Musa, nilipompelekea picha yangu ainunue, kabla hata hajaikunjua vizuri.

Picha hiyo alinipa mgeni niliyekuwa nikimsafishia chumba hotelini, mchoraji wa michezo ya video. Alisema zilichapwa hamsini tu. Chini pembeni ameandika kwa penseli 14/50 na kutia saini.

Nikaenda kwa fundi saa, nikaazima lenzi yake. Picha yenyewe ni vitone vya wino, lakini namba haina vitone, na ukipapasa nyuma ya karatasi unausikia mkandamizo wa penseli. Imeandikwa kwa mkono. Kama alichapa nyingine baadaye kwa siri, hilo silijui, na linanisumbua.

Nikamrudia mzee na lenzi. Akaangalia mpaka akakubali kwamba namba ni ya mkono.

"Haya mwanangu, futa hiyo penseli ipendeze, kisha niletee dazeni. Mimi sinunui kimoja kimoja."

Nikaichukua picha yangu, nikaikunja polepole mbele yake.

"Mzee wangu, dazeni utachonga wewe."