Ulezi Ndani ya Rejeta

Mjukuu wangu Tumaini, mume wangu wa pili,

Kamwene. Huku Matembwe tu wazima, ila baridi imetubana. Shangazi yako amejifungua mtoto mwenye sauti ya kengele ya kanisa.

Unaniuliza kama umwambie mteja kwamba umeitoboa rejeta ya gari lake la zamani ulipokuwa ukiilehemu. Basi sikiliza habari ya babu yako.

Alipokuwa akinichumbia, baba yangu alimpa gari lake kuukuu atengeneze rejeta iliyovuja. Kulehemu hakujua. Alisikia unga huziba matundu, akamimina unga wa ulezi, akasema, "Imepona, mzee."

Tukaondoka Njombe, babu yako na kaka zangu wengine wakiwemo, kwenda Makambako kwenye harusi ya kaka yangu, baba amevaa suti mpya. Tukiwa karibu kufika, gari likachemka. Tukangoja lipoe kidogo, baba akafungua kifuniko. Uji ukamrukia kifuani mpaka kwenye tai.

Baba akalamba kidole. "Huu ulezi. Nani amepikia humu?"

Kaka zangu wakatazama milima. Babu yako akajibu, "Ni mimi, mzee. Niliona aibu kusema sijui."

Baba akacheka mpaka akakaa chini barabarani. Harusini tulifika kwa miguu. Kesho yake alimpeleka babu yako kwa fundi wa Makambako, wakashinda wakikwangua uji kwenye mirija midogo ya rejeta, ndipo akafundishwa kulehemu.

Mahari baba hakupunguza hata mbuzi mmoja. Lakini tangu siku ile, ufunguo wa gari alimwachia babu yako, si kaka zangu.

Bibi yako akupendaye